VirusTotal kwa afisi za Unguja na Pemba: pa kuiamini na pa kuihofia

Afisi ndogo za Visiwani zina jambo moja linalozifanya ziwindwe kirahisi: kazi yao ni kufungua mafaili ya watu wasiowajua. Nyumba ya wageni ya Mji Mkongwe hupokea nakala ya pasipoti ya mtu ambaye bado hajapanda ndege. Wakala wa mizigo pale Malindi hutumiwa hati za shehena na kampuni ambayo hajawahi kuonana nayo. Msafirishaji wa mwani wa Wete huletewa risiti ya benki na mnunuzi wa ng'ambo waliyejuana mwezi uliopita. Kumwambia mpokezi au mhasibu wa afisi kama hizi "usifungue kiambatisho cha mtu usiyemjua" ni kumwambia afunge afisi aende zake nyumbani. Anachohitaji ni njia ya kulikagua faili kabla hajalifungua.

Njia inayotajwa kuliko zote ni VirusTotal. Hapa tunaipima kwa jicho la afisi yenye kompyuta mbili tatu za Windows, bando la kununua, na fundi anayeitwa pale tu mambo yanapoharibika. Rai yetu tuitoe mapema: ni chombo kizuri mno kwa kitu kisicholipiwa, na kila afisi inayopokea baruapepe za wageni ijifunze kukitumia. Lakini wengi wanakitumia kinyume. Wanalipakia faili kabla ya jambo lolote, kisha wakiona sifuri wanaichukulia kuwa ni ruhusa ya kufungua. Makosa yote mawili yana gharama, na la kwanza huwa halirekebishiki.

Ni kitu gani hasa

VirusTotal ilianzishwa mwaka 2004 na kampuni ya Hispasec ya Málaga, Hispania, na Google ikainunua Septemba 2012. Si programu ya kuzuia virusi na haikai kwenye kompyuta yako kukulinda. Ni ukurasa wa wavuti, virustotal.com, unaolipeleka faili mbele ya injini (programu za kutambua virusi) zaidi ya 70 za kampuni mbalimbali za usalama, kisha unakuonyesha kila moja imesema nini. Hakuna kujisajili, hakuna malipo. Hupokea faili la hadi MB 650, kiwango ambacho kiambatisho hakikifikii. Gmail yenyewe haipitishi zaidi ya MB 25.

Ukiufungua ukurasa utaona sehemu tatu: ya kupakia faili, ya kubandika linki, na ya kutafuta. Watu hukimbilia ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyo mbele ya macho. Sehemu yenye faida kubwa kwa afisi ni ya tatu, na tutaieleza kwa urefu.

Kabla hujaifikia VirusTotal

Ukaguzi huanza kwenye ujumbe wenyewe, na mara nyingi huishia hapo hapo. Jina la mtumaji linaloonekana kwa herufi nene si ushahidi wa chochote, maana mtu hujiandikia jina analotaka. Libonyeze uone anwani kamili, na usome kilicho baada ya alama ya @, herufi kwa herufi. Kampuni ya meli inayoandika kwa anwani ya bure, au jina la kampuni unayoijua likiwa na herufi moja ya ziada, yatosha kusimamisha kazi. Tazama pia anwani ambayo jibu lako litakwenda. Ikiwa ujumbe umetoka kwa mmoja na jibu linapelekwa kwa mwingine, uliza kwanza.

Kwenye Gmail iliyofunguliwa katika kompyuta, bonyeza nukta tatu zilizo juu ya ujumbe upande wa kulia, kisha chagua kuonyesha ujumbe asilia. Juu kabisa kutakuwa na mistari ya SPF, DKIM na DMARC, vipimo vitatu vya kuhakiki alikotoka mtumaji. Ikiandikwa FAIL, mashaka yamepata msingi. Ikiandikwa PASS, umejua jambo moja tu: ujumbe umetoka kweli kwenye jina la tovuti lililo baada ya @. Hujajua kama anwani hiyo bado iko mikononi mwa mwenyewe. Jumbe ngumu kuzitambua ni zile zinazotoka kwenye sanduku lililoibwa, zikijibu mazungumzo ya kweli mliyoyaanza wiki mbili nyuma, na kiambatisho kimepachikwa chini. Hapo mistari yote mitatu itasoma vizuri. Kinachokuokoa ni kumpigia simu muhusika kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si ile iliyoandikwa ndani ya ujumbe.

Kisha jina la faili. Windows, ikiachwa kama ilivyotoka dukani, huficha herufi za mwisho baada ya nukta, na uficho huu umewanufaisha wahalifu kwa zaidi ya miaka 20. Virusi vya ILOVEYOU vya Mei 2000 vilisafiri katika faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, aliyelipokea aliona TXT akadhani ni barua. Leo hila ni ile ile, nguo tu zimebadilika. Chukua faili linaloitwa Pasipoti_familia_watu4.pdf.exe. Kwenye kompyuta ya mapokezi litaonekana Pasipoti_familia_watu4.pdf, tena lina picha nyekundu ya PDF, kwa sababu programu huvaa picha yoyote ambayo aliyeitengeneza ameipenda. Dawa yake ni nusu dakika: kwenye Windows 11 fungua dirisha la mafaili, ingia menyu ya kutazama, kisha ya kuonyesha, uweke tiki kwenye majina ya aina za mafaili. Fanya hivyo kwenye kila kompyuta ya afisi, leo.

Kuna hila nyingine ambayo hata tiki hiyo haiimalizi. Ndani ya jina huwekwa alama isiyoonekana inayogeuza mwelekeo wa maandishi, ile ile inayotumika kwa hati zinazosomwa kutoka kulia kama Kiarabu. Jina linaloishia fdp.exe hujisoma mbele yako kama exe.pdf. Hapa usitazame jina. Tazama safu ya aina ya faili. Ikisema ni programu, basi ni programu, liwe limejiita vyovyote.

Kwa ufupi kuhusu aina zenyewe: .exe, .scr, .js, .vbs, .hta, .lnk, .iso na .img hazina kazi yoyote kwenye mawasiliano ya hoteli au ya biashara ya mwani. Gmail huzizuia, hata zikifichwa ndani ya zipu. Lakini afisi nyingi zina baruapepe yenye jina la hoteli, iliyokodiwa kwenye seva ya bei rahisi, na huko uchujaji huwa hafifu. Nakala ya malipo ya benki iliyofungwa ndani ya .rar, .r00 au .gz nayo ni ya kutilia shaka, kwani benki hutoa PDF na mtu wa kawaida huituma kama ilivyo. Mafaili ya Word na Excel yenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya hati), .docm na .xlsm, yalikuwa balaa kubwa mpaka Microsoft ilipoanza mwaka 2022 kuzizuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti. Kizuizi hicho hakizisaidii Office za zamani. Anayetumia Office ya 2007 au 2010 isiyosasishwa ana tatizo jingine pia: kasoro ya kihariri cha milinganyo iliyozibwa Novemba 2017, ambayo huruhusu faili la Word au RTF kuingiza virusi bila makro na bila kukuuliza swali. Ukilifungua tu, limeshafanya kazi yake.

Alama ya kidole kwanza

Kila faili lina alama yake ya herufi na tarakimu 64, iitwayo SHA-256, inayokokotolewa kutokana na kilichomo ndani. Badilisha nukta moja katika faili, alama yote inabadilika. Ukiipata alama hiyo unaweza kuiuliza VirusTotal, "hili mmeshawahi kuliona?", bila faili lenyewe kutoka kwenye kompyuta yako. Bando halitumiki kulipakia faili, na siri ya mteja haijaguswa.

Kwanza lishushe faili kwa mshale wa kupakua, usilifungue. Kulipakua tu hakuliamshi, kulibonyeza mara mbili ndiko kunakoliamsha, kwa hiyo lishike kwa kitufe cha kulia cha mausi na si vinginevyo. Halafu tafuta cmd kwenye menyu ya Windows ufungue dirisha jeusi la amri, uandike:

certutil -hashfile "C:\Users\afisi\Downloads\ankara.zip" SHA256

Badala ya njia hiyo weka ya faili lako, na alama za kufungia maneno zibaki, hasa kama jina lina nafasi. Bonyeza Enter. Mstari mrefu utakaotokea ndio alama ya kidole. Unakili, nenda virustotal.com, sehemu ya kutafuta, ubandike. Aliyeweka 7-Zip, ambayo ni ya bure, ana njia fupi zaidi: kitufe cha kulia juu ya faili, kisha menyu ya CRC SHA. 7-Zip ina faida nyingine kubwa. Inakuonyesha orodha ya vilivyomo ndani ya zipu au rar bila kuvitoa. Mara nyingi hapo ndipo mambo yanapobainika: zipu iliyoitwa picha za chumba, ndani yake faili moja tu, na faili hilo ni .js.

Zipu inaweza kuwa mpya ilhali kilichomo ndani ni cha zamani, kwa hiyo majibu ya zipu peke yake hayatoshi. Alama ya faili la ndani ndiyo yenye habari. Kulitoa faili kwenye zipu si kuliendesha, ila kama mikono ya afisini ina haraka ya kubonyeza, muachie fundi hatua hiyo.

Kuyasoma majibu

Ukurasa ukikuambia hakuna kilichopatikana, maana yake ni moja tu: hakuna mtu aliyewahi kulipakia faili hili. Usilione kuwa safi. Kwa ankara ya kweli ya muuzaji wako jibu hilo ni la kawaida, kwani ankara hiyo ni yako peke yako. Kwa kitu kilichojiita programu ya kusoma PDF au orodha ya bei ya kampuni kubwa, jibu hilo hilo ni la kutia wasiwasi, maana kitu halali cha namna hiyo kingekuwa kimeshaonwa na maelfu.

Ikiwa limeonekana, juu kushoto patakuwa na duara lenye hesabu, tuseme 38/72. Injini 38 zimelikataa. Huna haja ya kusoma zaidi, funga. Ugumu uko kwenye hesabu ndogo. 1/72 au 2/72, na injini zenyewe si zile kubwa, na jina lililotajwa ni la jumla jumla, mara nyingi ni kosa la injini. Lakini 3/70 za faili lililoonwa mara ya kwanza saa mbili zilizopita huwa ni mwanzo wa 40/70 ya kesho. Kwa hiyo usiisome hesabu bila tarehe. Ingia ukurasa wa maelezo, shuka mpaka kwenye historia, utazame lini faili lilipakiwa mara ya kwanza na lini lilichunguzwa mara ya mwisho. Likiwa limechunguzwa miezi minane nyuma, kuna kitufe cha kulichunguza upya, kibonyeze. Likiwa jipya kabisa, liache mpaka kesho ulitafute tena. Kampuni za usalama huchukua saa, pengine siku, kukitambua kitu kipya, na wanaotuma mafaili haya hutengeneza mengine mapya kila siku kwa sababu hiyo hiyo.

Soma na majina. Injini tano zikiandika AgentTesla, huyo ni mwizi wa maneno ya siri anayejulikana tangu 2014: hurekodi unachoandika, huchota nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na huzisafirisha kwa baruapepe, kwa FTP (njia ya kuhamishia mafaili) au kwa Telegram. Amezoea kusafiri ndani ya ankara na hati za shehena, kwa hiyo wakala wa mizigo alijue jina hili kama anavyolijua jina la meli. Jina lenye neno Generic linamaanisha injini imehisi tabia mbaya bila kumtambua mwenyewe.

Kuna ukurasa wa mienendo pia, ambapo faili limeendeshwa ndani ya kompyuta ya majaribio na matendo yake kuandikwa. Kwa asiye fundi kurasa hizi ni nzito. Tazama kitu kimoja tu: hati ya Word haina sababu ya kuiamsha PowerShell, chombo cha Windows cha kuendesha amri. Ukiona imeamsha, maswali yameisha.

Isichokiona

Hapa ndipo tunapoipunguzia alama, ingawa kasoro nyingi ni za kimaumbile na si za uzembe.

Zipu iliyofungwa kwa neno la siri huizuia injini kuona ndani. Ndiyo sababu mtumaji anakuandikia "kwa usalama wako, neno la siri ni 2025" katika ujumbe ule ule. Usalama gani, ikiwa ufunguo umewekwa juu ya kufuli? Kundi la wasambaza virusi la Emotet lilisambaza mzigo wake kwa njia hii hadi polisi wa nchi kadhaa walipouvunja mtandao wake Januari 2021, na Novemba mwaka huo huo ulirudi. Ukikutana na zipu ya namna hii kutoka kwa mtu mpya, hesabu ya sifuri haina thamani yoyote. Mjibu umuombe atume PDF ya kawaida.

PDF yenye linki tu, au yenye picha ya msimbo wa QR, mara nyingi itatoka sifuri na kwa haki, kwa kuwa faili lenyewe halina ubaya. Ubaya uko kwenye ukurasa inakokupeleka. Nakili anwani ya linki bila kuifungua, uibandike kwenye sehemu ya linki ya VirusTotal, na hata hapo kumbuka kwamba ukurasa wa wizi uliofunguliwa asubuhi unaweza kuwa bado haujaripotiwa na mtu. Msimbo wa QR hukutoa kwenye kompyuta na kukuhamishia kwenye simu, ambako anwani ni ndogo na ulinzi wa afisi haupo. Hati ya malipo haina haja ya kukutaka uinue simu.

Kiambatisho cha .html nacho ni cha kutazamwa kwa makini. Ukikibonyeza hufungua ukurasa unaofanana na wa kuingilia Microsoft au Google, na anwani yako ya baruapepe imeshajazwa. Ukurasa huo uko ndani ya kompyuta yako mwenyewe, kwa hiyo hata ukitazama anwani ya juu huoni tovuti ya kuitilia shaka. Neno la siri ukiliandika, limekwenda.

Kisha kuna hila ambayo haina faili kabisa, na hii tunaiomba kila hoteli ya Nungwi, Paje na Kiwengwa iisome mara mbili. Machi 2025 Microsoft ilieleza wimbi la jumbe zilizojifanya zinatoka Booking.com, zikiwalenga watu wa mahoteli katika nchi nyingi: mgeni amelalamika, mgeni ameuliza, akaunti ihakikiwe. Ujumbe una linki, au PDF yenye linki ndani. Linki inafungua ukurasa unaokutaka uthibitishe kwamba wewe si roboti, kisha unakuelekeza: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Kwa mpokezi aliyezoea kuhakikiwa kila mahali, ni hatua tatu za kawaida. Kumbe ukurasa umeshaweka amri kwenye ubao wa kunakili, na yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ameiingiza na kuiendesha. VirusTotal haikupewa faili la kukagua. Hakuna tovuti halali inayohakiki mtu kwa kumtaka abonyeze Windows na R. Kiandikwe kikaratasi kibandikwe kando ya skrini ya mapokezi.

Usichopaswa kuipakia

Faili ukishalipakia, si lako tena peke yako. VirusTotal hulishirikisha na kampuni za usalama inazofanya nazo kazi, na wateja wake wa kulipia wanaweza kulitafuta na kulipakua. Masharti yake yanasema hivyo waziwazi, na ushirikiano huo ndio unaoifanya iwe na nguvu. Lakini fikiria mpokezi mwenye nia njema anayepakia kila kinachoingia "kwa ajili ya usalama": nakala za pasipoti za familia nzima, orodha ya mishahara, mkataba wa kiwanja, cheti cha daktari cha mgeni. Amezitangaza kwa watu wasiohesabika. Unaweza kuomba faili lifutwe, ila nakala zilizokwisha kuchukuliwa hazirudi.

Kama mtu anadhani hilo huwapata wasiojua tu, VirusTotal wenyewe limewapata. Mwaka 2023 mfanyakazi wao alipakia kwa bahati mbaya faili dogo lenye majina na baruapepe za wateja wapatao 5,600, wakiwemo watumishi wa idara za usalama za nchi kadhaa. Lilitolewa ndani ya saa moja, na bado lilishafika kwenye magazeti.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na pasipoti ya mgeni ni amana hata pasingekuwa na sheria. Kwa hiyo tunapendekeza mpaka huu: alama ya kidole unaweza kuitafuta ya faili lolote. Kupakia, pakia kile tu ambacho hata kikisomwa na dunia nzima hakimdhuru mtu, kama .exe, .js, .iso, au zipu ambayo orodha yake inaonyesha hivyo. Na usiupakie ujumbe mzima wa .eml, kwani unabeba anwani zenu na mazungumzo yote ya nyuma.

Hati ambayo ni lazima uisome na huwezi kuipakia, itazame ndani ya Gmail yenyewe kwa kubonyeza picha yake bila kuipakua. Huko hufunguliwa kwenye seva za Google, na makro haziendeshwi kwenye kompyuta yako. Linki zilizomo bado ni hai, usizifuate. Kwa afisi yenye fundi, programu iitwayo Dangerzone huigeuza hati kuwa PDF mpya iliyotengenezwa kwa picha za kurasa, na hufanya hivyo bila kuipeleka popote. Ni nzito kidogo kuiweka, ila kwa afisi ya mwanasheria au mhasibu tunaiona bora kuliko VirusTotal.

Jambo la mwisho la masharti: anayefikiria kuiunganisha VirusTotal na mfumo wa afisi ili ikague yenyewe, huduma ya bure ya waandaa programu ina kikomo cha maulizo 4 kwa dakika na 500 kwa siku, na hairuhusiwi kwa shughuli za kibiashara. Kwa mikono, kwenye ukurasa, afisi ya kawaida haitakwama.

Kama limeshafunguliwa

VirusTotal haitakusaidia hapa, na kupoteza dakika kumi kulitafuta faili ni kumpa mwizi dakika kumi. Chomoa waya wa mtandao au zima WiFi ya kompyuta hiyo. Diski ya nje yenye nakala za akiba iondoe hapo hapo, kwa sababu virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia huanza na kila kilichochomekwa. Kompyuta yenyewe iache ikiwaka.

Chukua kifaa kingine, simu yatosha, ubadilishe neno la siri la baruapepe, kisha la akaunti za kuuzia vyumba, kisha la benki. Kubadilisha peke yake hakutoshi. Wezi wa siku hizi huchota pia vidakuzi vya kivinjari (kumbukumbu ndogo zinazoonyesha kwamba umeshaingia), na kwa hivyo huingia bila kuulizwa neno la siri, kwa hiyo tumia chaguo la kuondoa vifaa vyote vilivyoingia. Fungua mipangilio ya baruapepe utazame kama kuna kanuni mpya inayopeleka jumbe kwa anwani usiyoijua. Kanuni hiyo hukaa kimya miezi, mpaka siku ankara kubwa itakapopita na namba ya akaunti ikabadilishwa njiani. Wapigie wateja wanaodaiwa malipo wiki hii uwaambie wasikubali akaunti mpya kwa maandishi.

Kompyuta iliyoathirika ipitishwe ukaguzi wa Microsoft Defender wa nje ya mtandao, unaochukua kama robo saa na kuiwasha mashine upya kabla Windows haijapanda. Kama ni mashine ya mhasibu, sisi tungeifuta na kuiweka Windows mpya bila kusita. Tukio liripotiwe TZ-CERT, kikosi cha taifa cha matukio ya kompyuta kilicho chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na benki ijulishwe siku hiyo hiyo.

Ujumbe wenyewe usiufute. Uache ulipo, uandike saa ulipofunguliwa na nani alikuwa kwenye kompyuta, pamoja na ile alama ya tarakimu 64 kama mliipata. Fundi atakayevuka na boti ya asubuhi ataomba hivyo kabla ya kitu kingine chochote.